Mstari wa chaki kwenye meza ya jikoni

Paukwa!

Nimesikia "pakawa" moja tu, tena imetokea kwenye sofa. Haya, inatosha.

Hapo zamani za juzi, mtaani Linden, jijini Columbus, jirani na Cleveland Avenue linakopita basi la CMAX, palikuwa na kijana mwenye laptopu ya mtumba. Kijana huyo ni mpwa wangu. Laptopu ilikuwa na ram ya gigabaiti 8 na Windows. Ndani yake akaweka VirtualBox, na ndani ya VirtualBox akatengeneza mashine pepe yenye Ubuntu. Mashine pepe ni kompyuta isiyo na chuma wala waya: programu inayojifanya kompyuta nzima, na mfumo uliomo ndani yake unaamini.

Aliipa ram ya megabaiti 1024. Ikawa inajikokota. Anabofya kivinjari, anaenda kujimiminia chai, anarudi na kikombe, kiduara bado kinazunguka.

"Mjomba, niongeze ram?"

"Ongeza. Lakini utaitoa wapi?"

Akanyamaza. Dada yangu alikuwa anasukuma chapati. Nusu ya meza imejaa unga, nusu nyingine mtoto mdogo ametandaza madaftari. Nikachukua chaki ya yule mtoto, nikapiga mstari katikati.

"Ram ndiyo uso wa meza hii. Kazi inayofanyika sasa hivi lazima itandazwe hapa. Diski ni lile kabati. Ukimwongezea mgeni, yaani mashine pepe, nafasi, meza hairefuki. Mstari ndio unaosogea, na mama yako anabanwa ukutani na chapati zake."

"Na chaki yenu mtaifuta wenyewe," dada akasema.

Kijana akakimbilia laptopu. Alipofungua mipangilio ya mashine akakuta sehemu ya kumbukumbu imefifia, haibonyezeki. Kumbe hakuizima, alifunga dirisha tu na kuchagua ihifadhiwe ilivyo. Huyo mgeni amelala, hajaondoka, na vitu vyake bado vimehesabiwa. Kwenye VirtualBox, mgeni huipima meza mara moja tu, anapoamka. Kwa hiyo ilibidi aiwashe tena, aizime kabisa kutoka ndani ya Ubuntu, ndipo namba zikakubali kuguswa.

Hapo tamaa ikamshika. Akavuta alama kupita eneo la kijani hadi kwenye nyekundu: megabaiti 7168. Ubuntu ikaamka kwa furaha, naye akafungua kila alichotaka kufungua. Baada ya muda feni ikaanza kuvuma, mshale ukawa unarukaruka, kisha laptopu nzima ikaganda. Windows, mwenye nyumba, alikuwa amebakiwa na kama gigabaiti 1. Akawa anabeba vitu kupeleka kabatini, anavirudisha, anavipeleka tena. Diski ni nzito kuliko ram, tena kwa mbali sana.

Mchezo huo wa kabati si mpya. Mwaka 1967, huko Cambridge, Massachusetts, wahandisi wa IBM walikuwa na mfumo ulioitwa CP-40. Ulibeba hadi mashine pepe 14, kila moja ikiamini ina kilobaiti 256, ilhali mtambo wenyewe ulikuwa na kilobaiti 256 hizo hizo kwa wote! Kilichokosa nafasi kilisogezwa pembeni kikingoja zamu. Ujanja mzuri, ila mtumiaji huulipia kwa kusubiri.

Mpwa wangu hakutaka kusubiri. Akazima tena, akarudisha alama hadi 4096, nusu kwa nusu kama mstari wa chaki. Kwa laptopu ya gigabaiti 8 mimi nisingevuka hapo. Ubuntu ikafunguka, kivinjari kikaja kabla hajashika kikombe.

Akaandika free -h aone kama kweli amepewa. Jibu likaja gigabaiti 3.8.

"Mjomba, nimepunjwa!"

Hakupunjwa. Ile iliyopungua ilishachukuliwa na kiini cha Ubuntu chenyewe, ambacho hukaa mezani kabla ya mtu mwingine yeyote.