Ugonjwa wa figo na kiharusi: tusisubiri mashine

Ugonjwa wa figo unapotajwa katika vikao vya parokia, mazungumzo huishia karibu kila mara kwenye mashine ya kusafisha damu. Inaeleweka. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kabisa husafishwa damu kwa kawaida mara 3 kwa wiki, saa 4 hivi kila mara. Kupandikiza figo nako kulianza nchini mwetu Novemba 2017 Muhimbili, kisha mwaka 2018 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ambayo iko kama kilomita 240 kutoka Singida mjini. Anayetoka Mtinko aongeze na nauli ya kufika mjini. Familia huuza ng'ombe, kisha shamba, kisha hubisha hodi kwa paroko.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo halisemwi sana. Wagonjwa wengi wa figo hawafikii kabisa hatua ya mashine. Hufariki kabla, kwa ugonjwa wa moyo au kwa kiharusi. Kijijini husemwa kwamba fulani alianguka ghafla, tunazika, na hakuna anayetaja figo.

Uhusiano wake ni huu. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni 1, na kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba mno ya damu. Karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo hupita kwenye figo. Presha ikikaa juu kwa miaka, mishipa hiyo hukakamaa na vichujio hufa kimoja kimoja. Figo zilizochoka nazo hushindwa kutoa chumvi na maji, tena huachia kemikali zinazobana mishipa mwili mzima, hivyo presha hupanda zaidi. Aidha, figo ndizo zinazouagiza mwili kutengeneza damu. Zikiugua, damu hupungua na moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada mpaka unatanuka. Madini ya chokaa na fosforasi hupoteza uwiano na kuifanya mishipa kuwa migumu. Sasa mishipa midogo ya ubongo inafanana sana na ile ya figo, kwani yote hupokea damu nyingi yenye msukumo mkubwa. Kinachoharibu huku huharibu na kule. Ndiyo maana protini ikionekana kwenye mkojo, daktari mwangalifu hufikiria pia ubongo na moyo wa mgonjwa huyo.

Ubaya ni kwamba hakuna maumivu. Katika utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2015, watu wazima 7 hivi katika kila 100 walikuwa na ugonjwa sugu wa figo (mjini 15, vijijini 2), na kati ya hao wagonjwa ni mmoja tu katika 10 aliyejijua. Takwimu za Moshi si za Singida, lakini la kutojijua tunalifahamu vizuri hata huku.

Kuhusu kiharusi, utafiti wa miaka ya 2003 hadi 2006 ulikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 wilayani Hai, na 316 Dar es Salaam. Watafiti waliouliza watu chanzo chake walikuta kwamba ni Dar es Salaam walikotaja zaidi mashetani na kurogwa, wakati Hai walitaja presha na vyakula vya mafuta. Wengi tungedhani kinyume! Imani hiyo ina gharama, kwa sababu mgonjwa anayepelekwa kwanza kwa mganga hupoteza saa ambazo hazirudi. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakivurugika ghafla, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo; kwa wakazi wa Mtinko ipo St. Carolus pale pale. Asinyweshwe uji wala vidonge njiani, maana anaweza kupaliwa.

Lakini kazi kubwa iko kabla ya siku hiyo. Chumvi kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ikihesabiwa na iliyomo ndani ya chakula. Wengi hupunguza chumvi wakasahau magadi yanayotiwa kwenye mlenda na maharage, ambayo nayo yana sodiamu ile ile. Dawa za maumivu kama diklofenaki, ambazo wakulima wetu hununua dukani kwa ajili ya mgongo kila msimu wa kulima, huumiza figo na kupandisha presha zikitumiwa muda mrefu. Na dawa ya presha haimezwi siku ya kuumwa kichwa tu. Humezwa kila siku, hata mtu akijisikia mzima.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, fedha kidogo tulizo nazo zianzie kwenye vipimo vya presha, vipimo vya mkojo, na dawa zisizokatika mwezi hata mwezi. Kamati ikiwa na mashine moja ya presha na daftari, inaweza kupima watu wazima baada ya ibada na kumwelekeza hospitali yeyote aliyefika 140 kwa 90 au zaidi, akapimwe tena pamoja na mkojo. Mwenye kisukari apimwe mkojo hata kama presha yake ni nzuri. Mashine iwe na mkanda mpana pia, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mnene hudanganya.

Tunapowatembelea waliokwisha kupooza, tumezoea kupeleka sukari na sabuni. Tuulize pia kama vidonge vya presha vimebaki vya siku ngapi, kwa kuwa aliyepata kiharusi mara moja yumo katika hatari kubwa ya kukipata tena, na mara nyingi anayejua hesabu ya vidonge ni mjukuu anayetumwa kuvichukua.