Dawa Isiyokaa Dukani

"Niandikie tu kwenye karatasi, mwanangu. Mjomba wake huyu ataenda kuinunua hapo nje."

Mama mmoja aliniambia hivyo nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo, idara ya tiba ya nyuklia ya hospitali moja kubwa. Alikuwa ametoka Kahama kwa basi pamoja na bintiye. Ana saratani ya titi, na daktari alitaka apigwe skani ya mifupa kabla ya kuamua kama afanyiwe upasuaji. Ilikuwa Jumatatu, na dawa ilikuwa haijafika. Kwa anayezijua hospitali zetu, wazo la mama lilikuwa la busara kabisa: dawa ikikosekana dirishani, unaandikiwa, unanunua nje. Nilitafuta maneno ya kumweleza kwa nini hii hainunuliki hapo nje, nikayakosa. Nimechelewa miaka kadhaa, lakini jibu lenyewe ni hili.

Eksirei hupitisha mionzi mwilini kutoka nje. Tiba ya nyuklia inafanya kinyume. Mgonjwa anachomwa sindano yenye atomu chache zinazotoa mionzi, halafu kamera ya gama inakaa nje ya mwili na kunasa mionzi inayotoka ndani. Atomu hizo hufungwa kwenye kemikali ambayo kiungo fulani kinaivuta. Kwa mifupa tunatumia aina ya fosfati. Inajikusanya mahali ambapo mfupa unajijenga upya kwa kasi, na saratani ikishahamia kwenye mfupa mara nyingi husababisha hali hiyohiyo. Baada ya saa tatu hivi unapiga picha, na unaona mifupa ya mwili mzima kwa mara moja. Daktari wa yule mama alitaka kujua kitu kimoja tu: je, ugonjwa bado uko kwenye titi, au umeshatembea?

Atomu inayofanya kazi hiyo inaitwa tekineti-99m. Takriban asilimia 80 ya vipimo vya tiba ya nyuklia duniani vinaitegemea. Nusu-maisha yake ni saa 6, yaani kila saa 6 zikipita nusu ya atomu zilizobaki zinakuwa zimeshageuka. Ukiwa na dozi nzima saa mbili asubuhi, saa nane mchana umebaki na nusu, saa mbili usiku robo, na kesho yake asubuhi umebaki na sehemu moja ya kumi na sita. Friji haisaidii, wala kuifungia kabatini. Na kwa mgonjwa hiyo ni habari njema: anapigwa picha, anarudi nyumbani, na keshokutwa karibu hakuna kitu mwilini. Sifa hiyohiyo inayoifanya iwe salama ndiyo inayoifanya isiwekeke dukani.

Sasa inafikaje Dar es Salaam au Mwanza? Haisafirishwi yenyewe. Anasafirishwa mzazi wake, molibdeni-99, ambaye nusu-maisha yake ni saa 66. Anakuja ndani ya kopo zito lililozungushiwa madini ya risasi, na kopo hilo tunaliita jenereta (si ile inayounguruma umeme ukikatika). Humo ndani molibdeni inageuka taratibu kuwa tekineti. Asubuhi unapitisha maji ya chumvi, yanaondoka na tekineti na kuiacha molibdeni imeng'ang'ania. Kesho yake tekineti nyingine imeshajikusanya. Wataalamu duniani kote huliita kopo hilo ng'ombe, na kazi hiyo kukamua. Kwa mtu aliyekulia Usukumani haihitaji maelezo zaidi.

Tofauti ni kwamba ng'ombe huyu anakauka kila siku, ukimkamua usimkamue. Kila saa 24 molibdeni inapungua kwa zaidi ya asilimia 22. Hebu tupige hesabu rahisi. Tuseme jenereta likifika Jumatatu asubuhi linatosha wagonjwa 10 siku hiyo. Jumanne litatosha 7, Jumatano 6, Alhamisi 4, Ijumaa 3. Jumla wagonjwa 30 kwa wiki. Jenereta hilohilo likikwama njiani likafika Jumatano, Jumatatu na Jumanne zimepotea: umebaki na wagonjwa 13. Fedha iliyolipwa ni ileile. Siku mbili za uwanja wa ndege zimekula wagonjwa 17, na hakuna aliyeiba kitu.

Kukwama huko kuna sababu nyingi za kawaida. Ndege imeahirishwa. Rubani amekataa kubeba mzigo wenye alama ya mionzi, ingawa umefungwa kwa kanuni za kimataifa. Kibali kina tarehe isiyolingana na hati ya mzigo. Vibali vyenyewe ni lazima, na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ipo kwa kazi hiyo. Ila karatasi inaweza kusubiri hadi Jumatatu, molibdeni haiwezi.

Nikieleza haya, huwa naulizwa: si tuna urani yetu kule Namtumbo? Tunayo, lakini urani ya ardhini si dawa. Molibdeni-99 hutengenezwa kwa kupiga urani-235 kwa nyutroni ndani ya kinu cha nyuklia, halafu kuichuja haraka kwenye maabara zenye kuta nene. Katika urani ya kawaida, urani-235 haifiki hata asilimia 1. Vinu vinavyoifanya kazi hii kibiashara ni vya kuhesabu kwa vidole, na kadhaa kati yake vilianza miaka ya 1960: Petten huko Uholanzi, Mol huko Ubelgiji, na SAFARI-1 huko Pelindaba, Afrika Kusini, kilichoanza mwaka 1965. (Jina hilo ni kifupisho cha Kiingereza, ila lingeweza kutungwa na Mswahili.) Mei 2009 kinu cha Chalk River, Kanada, kilisimama kwa sababu ya uvujaji, na mwaka 2010 cha Petten nacho kikafungwa kwa miezi kadhaa. Viwili hivyo vilikuwa vinatoa zaidi ya nusu ya molibdeni-99 ya dunia. Hata hospitali za Marekani zilipanga foleni.

Iodini-131, inayotibu tezi ya shingo, ni mvumilivu zaidi. Nusu-maisha yake ni siku 8, kwa hiyo siku mbili za kuchelewa hazikuumizi sana.

Kipimo cha PET ndicho kinyume chake. Kinatumia florini-18, nusu-maisha dakika 110, inayotengenezwa na saiklotroni. Nairobi wanazo, na Ocean Road nao wana mradi wao. Mimi nauunga mkono, lakini nisingependa tudanganyane kwamba mashine Dar inamaliza tatizo la Mwanza. Dozi ikitumia saa nne kutoka maabara hadi kitandani, inafika ikiwa asilimia 22 tu. Inawezekana, ukitengeneza nyingi alfajiri na ndege ikaondoka kwa wakati. Tunarudi palepale uwanjani. Kuzindua mashine kunapigwa picha. Mtu wa kufuatilia mzigo saa tisa usiku hapigwi picha na mara nyingi hana hata posho.

Jenereta letu lilifika Jumatano mchana. Tukakaa na orodha na kuamua nani anatangulia, kazi ambayo hakuna aliyenifundisha darasani. Mama wa Kahama alipigwa picha Alhamisi, akiwa amelala siku tatu kwa ndugu huko Mbagala. Mifupa yake ilikuwa safi. Wanne waliokuwa kwenye orodha ya Jumatatu hiyohiyo walirudi makwao kusubiri wiki nyingine.