Taa Gani Inafaa Tangi la Maji Chumvi Lenye Anemoni?

Mama mmoja wa huku Pwani alituita nyumbani kwake tuangalie tangi lake la kioo. Samaki walikuwa wazima, maji yalikuwa masafi, lakini anemoni aliyemnunua kwa pesa nyingi alikuwa amegeuka mweupe kama karatasi na kujikunja kwenye pembe. "Jamani, mimi nampa kamba kila siku, mbona anakufa?" Tukatazama juu ya tangi. Kulikuwa na globu moja tu, ile ile ya sebuleni. Basi tukajua kwamba mnyama yule anakufa njaa huku analishwa.

Anemoni ni mnyama, si mmea, ingawa ameketi mwambani kama ua. Ndani ya mwili wake kunaishi mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa mwanga, kama vile majani ya mhindi yafanyavyo shambani, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa anemoni kama kodi ya nyumba. Ile rangi ya kahawia unayoiona kwa anemoni mwenye afya ni ya mwani wenyewe. Mwani ukitoka, anabaki mweupe. Jambo kama hilo liliyapata matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998, ingawa wakati ule kisa kilikuwa bahari kupata joto kupita kiasi, si giza. Kwa hiyo ukimwona anemoni mweupe pepepe anauzwa, mwache hapo hapo, hata akikupendeza namna gani. Ni mgonjwa huyo.

Sasa tuje kwenye taa yenyewe. Maji hula mwanga. Wekundu ndio unaotangulia kupotea, katika mita chache za kwanza, na buluu ndiyo inayofika mbali. Mwani wa anemoni umezoea sana buluu hiyo. Ndiyo sababu taa za matangi ya bahari huonekana za kibuluu, na si mapambo tu. Kwenye pakiti ya taa utaona namba ya Kelvini: globu ya njano ya nyumbani ni kama 2,700, tyubu nyeupe ya ofisini huwa karibu 6,500, na taa za tangi la bahari huwa kati ya 10,000 na 20,000. Lakini angalia sana hapa, maana wengi hudanganyika. Namba hiyo inasema rangi ya mwanga, haisemi nguvu yake. Wati nazo zinakwambia taa inakula stima kiasi gani, basi.

Nguvu ya mwanga unaofaa mwani hupimwa kwa mita maalumu, na kipimo chake ni mikromoli kwa kila mita mraba kwa sekunde. Jua la saa sita mchana huku kwetu hufika kama 2,000. Anemoni mwenye ncha za kiputo, ambaye ndiye mvumilivu kuliko wenzake, wafugaji wengi humpa kati ya 100 na 200. Yule mkubwa wa fahari na wale wa zulia hutaka 250 na zaidi. Kipimo kichukuliwe pale alipokaa mnyama, si juu ya maji, kwa sababu tangi la kina cha sentimita 60 litataka taa yenye nguvu kuliko la sentimita 40. Mita hizo ni ghali; kama kuna mfugaji jirani mwenye nayo, mwombe akuazime kwa siku moja.

Zamani watu walitumia taa za metali halaidi, za wati 250 au 400. Mwanga wake ni mzuri kweli, lakini zinachemsha maji, na hapa Pwani joto tunalo la kutosha. Siku hizi taa za LED za matangi zimechukua nafasi yake. Tufanye hesabu: taa ya wati 250 ikiwaka saa 10 kwa siku hula yuniti 2.5, yaani 75 kwa mwezi. LED ya wati 100 kwa saa hizo hizo hula yuniti 30. Piga hesabu hiyo kabla hujanunua mnyama, si baada.

Wengine hutuuliza, kwa nini tusiweke tangi dirishani tupate jua la bure? Jua hilo huingia kwa upande, hupasha maji moto, na hukuzia uchafu wa kijani kwenye kioo.

Taa mpya isiwashwe kwa nguvu zake zote siku ya kwanza. Anza na nusu, uongeze kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Saa nane hadi kumi kwa siku zatosha, na ufunge taima ili zisibadilike. Kisha mtazame mwenyewe: akijinyoosha juu sana, anatafuta mwanga, akijificha chini ya jiwe, huenda umezidi. Maana anemoni hutembea! Ziba mdomo wa pampu kwa sponji asije akanyonywa usiku.

Taa ifungwe imara isiangukie majini, na waya uning'inie chini ya soketi kwanza kabla ya kupanda, tone la chumvi lisifuate waya hadi kwenye stima. Stima ikipotea, kama ilivyopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, usihangaikie taa. Siku moja ya giza haimwui anemoni. Hangaikia hewa: kipampu cha betri kiwe karibu.

Mama yule alipata LED ya mtumba, tukaiweka chini kabisa. Tulipopita tena baada ya miezi mitatu, anemoni alikuwa amehamia jiwe la katikati na ukahawia ulikuwa umeanza kurudi kuanzia chini ya mikono yake. Kamba bado anampa, vipande vidogo, mara mbili kwa wiki.