Laptopu ya Kupeleka Nyumbani: Tuitazame Ndani Kabla ya Kulipa



Naomba mwezi huu niyaweke kando mambo ya sarufi, ambayo najua baadhi yenu yamekwisha kuwachosha, nizungumzie jambo lililonigharimu fedha na, zaidi ya fedha, lililonitia haya.

Mwaka 2023, zamu yangu ya upatu ilipofika, nilimnunulia laptopu mpwa wangu anayesomea ualimu Tanga. Niliipata katika duka la vitu vilivyotumika, kwa pauni 180. Ilikuwa inang'ara kama sahani ya harusi, na kwenye kona palikuwa na stika iliyoandikwa "i7". Muuzaji aliigonga stika ile kwa kidole, akaniambia kuwa hiyo ndiyo daraja ya juu. Mimi, niliyetumia miaka zaidi ya thelathini kuwafundisha wanafunzi wasikubali jambo bila ushahidi, nikakubali. Nikampa msafiri, na baada ya juma moja ukaja ujumbe: "Shikamoo mjomba. Imefika salama, inafanya kazi vizuri, Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Ilipita miezi mitano. Siku moja, katika mazungumzo ya simu, dada yangu akateleza ulimi kwamba kijana haonekani nyumbani jioni, kwani huenda kwenye kibanda cha intaneti kulipia saa moja moja ili achape kazi zake za chuo. Laptopu niliyompelekea ilihitaji robo saa kuwaka, na umeme ulipokatika ilizimika papo hapo kama taa. Nilimpigia mwenyewe nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, mtu amekununulia kitu, utaanzaje kumwambia kwamba ni kibovu?"

Jibu lile limenikaa moyoni. Sisi tulioko huku ndio tunaonunua, ilhali watumiaji wako kule, na katikati yetu imesimama adabu, ambayo haimruhusu aliyepewa kulalamika. Muuzaji hataki kusema kasoro, na mpokeaji hawezi kuisema. Basi anayepaswa kuitafuta ni mnunuzi, tena kabla hajafungua pochi. Si lazima awe fundi. Mambo ya kutazama si mengi, na nusu saa yatosha.

Nianze na ile stika. Herufi na tarakimu "i3", "i5" na "i7" ni daraja ndani ya kizazi kimoja tu cha prosesa za kampuni ya Intel. Hazisemi lolote juu ya umri. Umri umo katika tarakimu zinazofuata. i5-7200U ni ya kizazi cha saba, i5-8250U ni ya kizazi cha nane, i5-10210U ni ya kizazi cha kumi. Ile ya mpwa wangu ilikuwa i7-2640M, yaani kizazi cha pili, prosesa iliyotoka mwaka 2011. i3 ya mwaka 2020, daraja ya chini kabisa katika watatu hao, inaiacha mbali. Niliuziwa cheo cha mstaafu.

Jambo hili la kizazi limezidi uzito tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa bure masasisho ya kawaida ya Windows 10. Kulikuwa na mpango wa nyongeza ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, uliopangwa kufika Oktoba 2026, lakini hiyo ni kumsogezea mgonjwa mto tu. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai kijipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel huanzia kizazi cha nane, isipokuwa prosesa chache mno za kabla yake. Kwa hiyo maofisi yalianza kuzitoa kompyuta za kizazi cha saba kurudi nyuma, na zikamiminika sokoni kwa bei ya kutamanisha. Ukiona laptopu nzuri kwa bei ya chini usivyotarajia, soma kwanza tarakimu hiyo.

Hata hivyo, kizazi si kila kitu, na hili nililielewa vizuri mwaka jana. Jumamosi moja, baada ya darasa letu la Kiswahili, mama mmoja mwenyeji wa Mombasa alinijia na picha za laptopu tatu katika simu yake. Binti yake alikuwa anaanza chuo kikuu nyumbani. "Mwalimu," akasema, "nichagulie. Mimi nimependa hii nyembamba." Nikamwambia twende tukazione zote kwa macho yetu, naye akaridhika, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Ile nyembamba ilikuwa mpya, bado imo katika karatasi yake, kwa pauni 179. Ndani yake mlikuwa na prosesa ya Celeron N4020, RAM ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64 ya aina ya eMMC. Niwaeleze maana yake kwa lugha ya nyumbani. RAM ni meza ya kufanyia kazi na hifadhi ni kabati. Meza ya gigabaiti 4 hujaa mara ufunguapo kurasa chache za intaneti pamoja na waraka mmoja. Inapojaa, mashine hukimbilia kabatini kila dakika, na hapo ndipo unaposubiri huku ukijipepea. Ile RAM, tena, ilikuwa imechomelewa kwenye ubao, haiongezeki kamwe. Na kabati la gigabaiti 64, zaidi ya theluthi yake huchukuliwa na Windows yenyewe, kisha kila sasisho kubwa hudai nafasi isiyokuwapo. Kwa maandishi ya karatasi ya tangazo, mashine hii inatimiza masharti ya Windows 11, kwani masharti hayo ni gigabaiti 4 na gigabaiti 64. Lakini kutimiza masharti ya kuingia mlangoni si sawa na kupata pa kukaa.

Ya pili ilikuwa na prosesa ya kizazi cha saba. Tuliipita.

Ya tatu mama yule hakutaka hata kuishika. Ilikuwa nyeusi, nene, kifuniko kimechubuka, na gundi ya stika ya ofisi fulani bado imeganda mgongoni. Ni ThinkPad T480, mfano uliotoka mwaka 2018, kwa pauni 165, prosesa i5-8250U. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha ambalo ndani yake, penye neno "Performance", kila kitu kimeandikwa waziwazi: RAM gigabaiti 8, diski ya SSD. Hilo la diski msilipuuze. Diski za zamani zina sahani inayozunguka ndani na kijisindano kinachosoma juu yake. SSD haina kitu kinachozunguka. Hakuna badiliko moja linalohuisha kompyuta ya zamani kama kumtoa mzee huyo anayezunguka na kumtia SSD, tena SSD hustahimili misukosuko ya daladala kuliko mwenziwe.

Kisha betri. Katika Windows kuna dirisha jeusi la amri. Ukiandika humo "powercfg /batteryreport" na kubonyeza Enter, mashine hutengeneza ripoti ya betri na kukuonyesha mahali ilipoihifadhi. Tazameni namba mbili: uwezo betri ilipotoka kiwandani, na uwezo inaojaza sasa. Ile ya mpwa wangu, alipoipima baadaye kwa maelekezo yangu, ilikuwa imebakiwa na asilimia 31. Muuzaji wa T480 alipoona naandika amri hiyo alianza kuniita "bwana" badala ya "rafiki". Mfano huu una betri mbili, moja ndani na nyingine hutolewa kwa nje bila bisibisi. Ya ndani ilikuwa na asilimia 80, ya nje 62. Nikaomba apunguze pauni 15 za kuchangia betri ya nje, akapunguza 10.

Huenda mtu akaona nimeshikilia mno habari za betri. Waliokuwa Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kizima kilipokaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, hawataniuliza. Na hata bila msiba mkubwa kama huo, kukatika kwa saa mbili usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi kwatosha kumliza mwanafunzi. Ndiyo sababu sipendekezi kupeleka kompyuta ya mezani, hata ikiwa rahisi kiasi gani, isipokuwa mpokeaji ana kifaa cha kuhifadhi umeme.

Tulijaribu kila tundu kwa flashi, na mlango wa USB-C kwa chaja, kwani laptopu za ukoo wa ThinkPad za miaka 2017 hadi 2019 zilijulikana kwa kasoro katika mlango huo, na mtengenezaji alitoa programu ya kuirekebisha. Tuliandika alfabeti nzima. Tulifungua kamera. Mwisho, na hili ni muhimu kwa mashine zilizotoka maofisini, nilimwomba muuzaji aifute na kuianzisha upya mbele yetu huku imeunganishwa na intaneti. Kompyuta nyingine husajiliwa na kampuni iliyokuwa ikizimiliki, na zikianzishwa upya hudai jina na nywila ya mfanyakazi. Ikidai hivyo, mwachie mwenyewe; mikononi mwako itakuwa kipande cha chuma. Yetu haikudai. Kioo chake, nakiri, hakina mwanga wa kutosha barazani mchana. Binti atasomea ndani.

Kwa tulioko hapa Uingereza kuna faida moja ambayo wengi hatuitumii. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 humpa mnunuzi siku 30 za kukirudisha kitu chenye kasoro na kurejeshewa fedha yake, hata kikiwa kilichotumika, maadamu amenunua kwa mfanyabiashara. Ukinunua kwa mtu binafsi kinga hiyo huna. Lakini siku 30 hizo zina faida gani ikiwa mzigo umefungwa sandukuni, unangoja msafiri wa mwezi ujao? Mama yule nilimshauri aitumie nyumbani kwa majuma mawili kama yake, na akafanya hivyo.

Majuma hayo mawili yana kazi nyingine. Masasisho makubwa ya Windows ni gigabaiti kadhaa, na kule kila gigabaiti ni bando, na bando ni fedha ya chakula cha mchana. Basi yapakueni yote huku. Kisha, katika mipangilio ya mtandao, wekeni alama kwamba muunganisho unalipiwa kwa kipimo, "metered connection", ili mashine isijipakulie ovyo itakapounganishwa na simu ya mwanafunzi. Alama hiyo huwekwa kwa kila mtandao peke yake, hivyo mwelekezeni mpokeaji mapema. Wekeni LibreOffice, ambayo ni bure na hufungua nyaraka za Word, badala ya zile nakala za wizi ambazo huja na virusi. Wekeni pia Kiwix, programu inayowezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, ya Kiswahili ikiwemo.

Kuhusu umeme nisirefushe. Plagi za Uingereza na Oman ndizo za Tanzania, Kenya na Uganda. Jamaa wa Kongo, Burundi na Rwanda watahitaji adapta ya pini za mviringo. Ndugu zetu wa Marekani wasome maandishi madogo kwenye chaja: yakisema 100 hadi 240, hakuna hatari, ni adapta tu inayotakiwa. Na betri za akiba hubebwa katika mkoba wa mkononi, si katika sanduku linalokwenda chini ya ndege.

Sasa turudi Tanga. Sikuitupa ile i7 ya aibu. Nilitia katika bahasha SSD ya gigabaiti 240 na kipande cha RAM ya gigabaiti 8 cha aina yake, nikampa msafiri, na fundi mmoja mjini akavifunga kwa muda usiofika saa moja. Windows mpya haiwezi kuibeba, hivyo tuliweka Linux Mint, ambayo ni bure na ingali ikipata masasisho. Sasa inawaka kabla maji ya chai hayajachemka. Nilimwambia mpwa wangu kwamba siku nyingine asinitumie shukrani mpaka aitumie siku kumi, na kwamba katika ujumbe wake nataka kasoro ziwe mwanzo, dua iwe mwisho.

Siku ya kumi na moja alinipigia. Baada ya shikamoo alisita, nikamsikia akivuta pumzi.

"Mjomba, inakwenda vizuri. Lakini herufi ya N haiandiki."

Nimekwisha agiza kibodi.