Kereng'ende, Rafiki wa Bustani

Mvua zikianza hapa Tabora watoto hukimbizana na kereng'ende, yule mdudu wa mabawa manne, wamfunge uzi. Wakatazeni.

Jike hugusagusa maji kwa mkia akitaga mayai. Mtoto wake, tunutu, huishi majini akila viluwiluwi vya mbu. Akikomaa hupanda kwenye unyasi, ngozi hupasuka mgongoni, naye huruka akiacha ganda tupu. Litafuteni asubuhi pamoja na watoto. Muumba wetu ana kazi za ajabu!

Lakini tunutu huhitaji wiki kadhaa, hata miezi, kukua. Mbu hukamilika kwa siku kama 10 tu. Kwa hiyo dimbwi la mvua lifukie, kopo na tairi vimwage maji. Bwawa dogo la bustani, lenye maji mwaka mzima, liachie majani pembeni, wala usilimwagie oili chafu.

Homa ilimlaza msafiri Stanley pale Kwihara mwaka 1871, wakati wa misafara, na malaria ingalipo. Kereng'ende peke yake hatoshi: watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa, na mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyohiyo.