Kujiunga na Mradi wa Programu Huria: Zana Zipi za Kuanzia?

Katika vituo vingi vya afya nchini, rekodi za wagonjwa hutunzwa kwa mfumo wa KenyaEMR. Mfumo huo umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanzishwa mwaka wa 2004 na yenye mizizi yake Eldoret. Huria maana yake ni kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kusoma msimbo wake, kuutumia na kupendekeza marekebisho.

Kwa hivyo, kijana anayejua kuandika programu anaweza kurekebisha hitilafu inayomchelewesha muuguzi zahanatini, na kazi hiyo ikawa ushahidi wa ujuzi wake anapotafuta ajira. Hata hivyo, wapo wanaokata tamaa kabla ya kuandika mstari mmoja, kwa sababu walianza na zana zisizofaa.

Nianze na kihariri kipi?
Inategemea sehemu unayotaka kushughulikia. Kiini cha OpenMRS kimeandikwa kwa lugha ya Java, na wengi hukishughulikia kwa IntelliJ IDEA au Eclipse. Zana hizi zinakusaidia kufuata msimbo kutoka faili moja hadi nyingine, lakini zinahitaji kompyuta yenye nguvu. Kurasa mpya anazoziona mhudumu zimeandikwa kwa TypeScript. Hapo Visual Studio Code, ambayo ni nyepesi zaidi, inatosha. Zote zinapatikana bila malipo.

Je, nitumie matoleo mapya kabisa?
La. Soma kwanza maagizo ya mradi, kisha uweke toleo la Java lililotajwa humo. Toleo tofauti linaweza kuzuia programu isijengeke, nawe ukadhani kosa ni lako.

Data za intaneti zitatosha?
Mara ya kwanza, zana ya Maven hupakua maktaba nyingi na kuzihifadhi kwenye kompyuta, hivyo haizipakui upya kila siku. Fanya hatua hiyo mahali penye Wi-Fi. Unaponakili msimbo kwa Git, unaweza kuongeza agizo la --depth 1 ili upate toleo la sasa pekee bila historia yote ya mradi.

Ni kosa gani la kuepuka?
Usiruhusu kihariri chako kupanga upya faili nzima kwa mtindo wake. Badiliko la mistari miwili likionekana kama la mistari elfu, wakaguzi hawataweza kuliona. Tumia kanuni za mpangilio za mradi wenyewe.

Muhimu zaidi, usijaribie programu kwa rekodi za wagonjwa halisi. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Tumia data ya kubuni.

Mgeni anashauriwa kuchagua kazi ndogo kwanza. Zana zikishakubali kujenga na kuendesha programu bila kuibadilisha, yuko tayari kuanza.