Jinsi majani yanavyojikinga dhidi ya jua kali

MICHE ya kahawa inapotolewa kitaluni na kupandwa mara moja kwenye jua kali, majani yake huweza kupauka na kukauka hata kama ardhi ina maji ya kutosha. Kinachoyadhuru ni mwanga, kitu kile kile ambacho mmea hautaishi bila kukipata.

Jani hunasa mwanga kwa rangi ya kijani iitwayo klorofili, kisha huutumia kutengeneza chakula. Shughuli hiyo huitwa usanisinuru. Hata hivyo, uwezo wake una kikomo. Ifikapo adhuhuri, jani lililo juani hupokea nishati nyingi kuliko linavyoweza kutumia. Ziada hiyo huzalisha oksijeni ya aina haribifu, ambayo huunguza protini na tando za seli.

Kinga ya kwanza ya mmea ni kukwepa. Mharagwe, kwa mfano, hugeuza majani yake adhuhuri ili ukingo wa jani, wala si uso wake, ndio uelekee jua. Ndani ya seli, vijichembe vyenye klorofili navyo husogea pembeni na kukingana kivuli.

Kinga ya pili ni kuigeuza ziada kuwa joto lisilodhuru. Katika muda wa dakika chache, rangi ya manjano iitwayo violaksanthini hubadilishwa kuwa zeaksanthini, ambayo husaidia kazi hiyo.

Kinga ya tatu ni ukarabati. Protini iitwayo D1 huharibiwa na mwanga kila siku, na mmea huiondoa na kuweka nyingine. Uharibifu ukizidi kasi ya ukarabati, jani hudhoofika.

Kinga hizi zina gharama. Wingu likifunika jua, jani huendelea kwa muda kuupoteza mwanga ambao sasa linauhitaji. Mnamo 2016, watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba tumbaku iliyobadilishwa jeni ili ilegeze kinga haraka iliongeza mavuno ya mmea kwa takriban asilimia 15.

Kwa mkulima, suluhisho ni rahisi zaidi. Mche uliokulia kivulini una akiba ndogo ya rangi hizo za kinga, na huhitaji siku nyingi kuiongeza. Ndiposa kivuli cha kitalu hupunguzwa pole pole kabla ya miche kuhamishiwa shambani.